Kadi Iliyojazwa Juu ya Meza ya Kukatia

Wanawake wa kliniki yetu wananiita Mama Mizani. Miaka kumi na tisa nimewaning'iniza watoto wao kwenye mizani, nimewadunga chanjo, nimewajazia kadi, na nilifika mahali pa kujiona najua shida ya mtoto hata kabla hajafunguliwa shuka. Nikienda sokoni nilikuwa nasimamishwa kila hatua: Mama Mizani, huyu mbona hajaota meno? Mama Mizani, huyu kichwa chake si kikubwa? Nilijibu nikitembea. Kichwa kilichokuwa kimevimba kilikuwa changu.

Lakini sikukaa hapa kujisimulia mimi. Nataka kumsimulia mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi hivyo hivyo, mpaka watoto wadogo wanadhani ndilo jina lake. Ni mwembamba, si mwongeaji, na mchana kutwa ana pini mdomoni, kwa hiyo hata akiongea unasikia nusu. Anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuna meza kubwa ya mbao ya kukatia vitambaa, na juu ya meza hiyo hiyo amefunga ovaloki, ile mashine ya umeme ya kuzungushia kingo za nguo zisifumuke. Ikiwaka, ukitaka kuongea na Fundi unamwandikia karatasi.

Jambo moja la kumjua ni hili: akikosea mshono anafumua. Niliwahi kumkuta anafumua gauni zima kwa sababu zipu imekaa upande unene wa uzi mmoja. Nikamwambia mwenye gauni hataona. Akatoa pini mdomoni akasema, "Mimi nimeona." Akazirudisha, akaendelea kufumua. Nilicheka siku ile, nikasema huyu atakufa maskini. Sasa sicheki tena.

Mama yetu alifariki mimi nina miaka kumi na minane, yeye sita. Nilimlea. Nilimsuka, nilimpeleka shule, nilimsainia ripoti. Kwa hiyo alipopata mimba akiwa na miaka thelathini na nne, baada ya kuisubiri mpaka watu wakaacha kumuuliza, nilijiona mimi ndiye ninayepata mjukuu na mtoto wa kuzaa kwa mpigo. Mumewe, shemeji yangu, ni dereva wa lori. Ni mtu mwema, ila anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili au tatu, na akirudi analala siku nzima. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nipo.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, kilo tatu na robo. Nilimpima mwenyewe mara mbili kwa kujifurahisha tu.

Sasa kliniki yetu ilivyo. Tunafungua saa mbili, lakini foleni inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mabenchi ni matano, na mama mwenye kitoto cha wiki sita anaweza kukaa saa tatu akimpepea kwa kadi. Mdogo wangu akae pale? Na mimi ninazo funguo za mlango wa nyuma? Nikamwambia, "Wewe una nesi ndani ya ukoo, foleni ya nini?" Akaja kwa mlango wa nyuma, nikamdunga mtoto chanjo zake dakika tano, wakaondoka. Maswali ya kwenye kadi nikasema nitayajaza Jumapili nikija kula.

Na ndivyo nilivyofanya, Jumapili ile na nyingine zote. Kadi ina upande wa mtoto na upande wa mama. Upande wa mtoto, wiki ya sita: anatabasamu? Anafuata uso kwa macho? Anashtuka akisikia kelele? Upande wa mama: kidonda kimepona? Analala? Ana huzuni, au analia bila sababu? Muuguzi anatakiwa kuuliza swali moja moja na kungoja jibu, halafu ndiyo aweke tiki. Mimi nilikaa kwenye meza ya kukatia, nimeshiba, kalamu mkononi, nikamwangalia mdogo wangu. Amevaa vizuri. Anashona. Amenipikia. Nikaweka tiki upande wa mtoto, nikageuza, nikaweka tiki upande wa mama, zote kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu.

Nikiwa katikati ya tiki hizo alitoa pini mdomoni. Akasema, "Dada, hivi ni kawaida mtu..." Nikamkatiza. Nilidhani anataka kuuliza habari za maziwa, maana wote huuliza maziwa, nikamwambia yakijaa sana akamue na aweke kitambaa cha maji ya moto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudisha pini mdomoni.

Mtoto alikuwa anafurahisha. Mchana Fundi alimlaza pale pale mezani, kwenye kikapu kilichotandikwa mabaki ya vitambaa, hatua moja kutoka kwenye ovaloki. Mashine inanguruma, yeye amelala fofofo. Wateja walikuwa wanashangaa. Wenye watoto wanaoamka mlango ukifungwa walikuwa wanamwonea wivu waziwazi. Mmoja wao akamwita Mstaarabu, jina likamkaa. Majirani nao wakamsifu mama mtu: huyu hachoki, wakasema, ametoka kujifungua juzi na mashine yake inanguruma asubuhi mpaka jioni. Nami nilijipiga kifua. Nilisema mdogo wangu nimemlea mwenyewe.

Mstaarabu alipofika miezi minne, Fundi alinipigia simu kliniki, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Akaniambia mfuniko wa sufuria umeanguka sakafuni nyuma ya mtoto, yeye mwenyewe ameruka, na mtoto hakupepesa hata jicho. Akasema amejaribu tena kwa makusudi, mara tatu. Jumapili nikaenda. Nikamkuta Mstaarabu amelala kikapuni, ovaloki imewashwa. Nikamwambia Fundi azime. Akazima. Mtoto akafumbua macho, akaanza kurusha miguu.

Nikamgeukia mdogo wangu kwa ushindi. "Umeona? Mashine ikizimwa anaamka. Kiziwi gani anajua mashine imezimwa?"

Akasema labda. Nikamwambia hakuna labda, mimi watoto nimewaona elfu na kitu, huyu anasikia kuliko mimi na wewe, ila ana roho ya kiungwana, hashtushwi na sufuria. Wengine wanatafuta mtoto kama huyu kwa machozi, nikasema, na wewe unamtafutia ugonjwa. Nikavuta kadi. Swali liliuliza: anageuka kufuata sauti? Nikaweka tiki mbele ya macho yake, na niliikandamiza kalamu ili aone nimemaliza ubishi. Nilimlea kwa nidhamu tangu ana miaka sita, hakujua kunibishia.

Mwezi wa sita nikaweka nyingine. Sikuuliza kabisa.

Mwezi wa tisa kuna chanjo ya surua, na wiki hiyo nilikuwa nimetumwa kwenye mafunzo. Pale nilipokaa mimi alikuwa amekaa nesi mgeni, msichana aliyetoka chuoni mwaka ule, mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa. Mdogo wangu akagonga mlango wa nyuma, nesi mgeni akamwambia kwa adabu kwamba mlango huo ni wa wafanyakazi. Akapanga foleni. Zamu yake ilipofika aliulizwa kila swali, na kwa lile la sauti yule msichana hakuridhika na jibu. Alikuwa na kopo lake lenye punje za mahindi. Akampa Fundi kijiko amchezeshee mtoto mbele, yeye akaenda nyuma na kutikisa kopo, sikio la kulia, sikio la kushoto, mara tatu tatu. Mstaarabu akaendelea kukitazama kijiko. Nesi mgeni akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa kwa daktari wa masikio.

Niliporudi nikaambiwa, nikawaka. Nilimwendea yule msichana kwenye chumba cha chanjo, nikamuuliza alikuwa wapi wakati mimi naanza kazi hii. Nikamwambia ametia hofu familia yangu kwa kopo la mahindi. Aliniacha nikamaliza, kisha akaniuliza, kwa sauti yake ile ile ndogo, kama mimi nilimpima kwa kutumia nini. Nilitoka bila kumjibu. Nilijiambia sikumjibu kwa sababu ya dharau yake.

Siku ya hospitali niliwasindikiza. Nilivaa sare yangu, nyeupe, nimepiga pasi, ili daktari ajue anaongea na watu wanaoelewa. Walimvalisha mtoto vitu masikioni, wakambandika nyaya kichwani akiwa usingizini, tukakaa kwenye korido. Fundi alikuwa ameshika kikapu kitupu mapajani. Sikumbuki tulisema nini. Nadhani nilimweleza habari za mafunzo.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo asiyekuwa na haraka. Alisema masikio yote mawili yanasikia kidogo sana. Nikaruka mimi, si mama mtoto. Nikamwambia mashine ikizimwa anaamka. Daktari akauliza mtoto hulala wapi mchana. Fundi akasema mezani. Akauliza mashine imekaa wapi. Fundi akasema mezani hapo hapo.

Daktari akalaza kiganja chake juu ya meza yake, akaigongagonga kwa mkono mwingine. "Meza inatetemeka, mama. Mtoto huyu anasikia kwa mgongo."

Kisha akaichukua kadi. Aliisoma polepole, na kila tiki niliijua kabla hajafika. Wiki ya sita, anashtuka. Mwezi wa nne, anageuka. Mwezi wa sita, anaitika. Akasema angemwona mapema, mtoto huyu angekuwa amevaa vifaa vya masikio tangu hajaanza kukaa, kwa sababu mtoto hukusanya maneno kwa masikio muda mrefu kabla hajayatoa kwa mdomo, na miezi hii ya mwanzo hairudishwi. Hakusema kwa ukali. Akamtazama mdogo wangu, akamuuliza, "Mama, hukuona chochote? Walipokuuliza ulikuwa unajibu ndiyo tu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili, nimevaa sare yangu, na saini kwenye kadi ile ni yangu, yenye mkia ninaouvuta kwa mbwembwe. Mdogo wangu akageuza shingo akaniangalia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja, kama alivyokuwa akiningoja langoni mwa shule nikichelewa kumchukua. Nikajitia hamnazo. Nikainama, nikaanza kumfunga mtoto kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Nilijibu mimi," akasema Fundi. "Nilisema anasikia."

Daktari akaandika, na tukatoka.

Najua mtu anayesoma hapa anataka kusikia kwamba nilirudi siku ile ile nikasema ukweli. Sikurudi siku ile. Nilirudi baada ya siku kumi na moja, na siku hizo kumi na moja nilipima watoto wa watu kama kawaida. Nilienda kwanza kwa mkuu wa kliniki, nikamwambia kadi ile niliijaza bila kupima. Halafu nikaenda hospitali nikamwambia daktari. Barua ya onyo ninayo, funguo za mlango wa nyuma sina. Nilidhani nikishasema nitapumua. Sikupumua. Nesi mgeni alinipa kopo lake la mahindi nilitumie, na hata hilo liliniuma, kwa sababu alinipa kwa moyo mweupe.

Mdogo wangu hakuninunia. Afadhali angeninunia. Nikienda Jumapili ananikaribisha, ananiwekea chakula, ananiambia "karibu tena, Dada". Ila hakunipigia simu tena. Mstaarabu alipovalishwa vifaa vyake, vile vidogo vya kukaa nyuma ya masikio, sikuambiwa na yeye, niliambiwa na shemeji kwa simu, akiwa safarini. Siku ya kuvalishwa alikuwa nyumbani. Akanisimulia kwamba Fundi aliwasha ovaloki kama kila siku na mtoto akapiga yowe, akakamaa mwili mzima, akawa anaitazama ile mashine kana kwamba ni mbwa mkali. Fundi akazima. Akakaa sakafuni na mtoto mapajani, wote wawili wanalia, na shemeji hakujua aanze kumbembeleza nani. Alinisimulia akicheka kidogo. Nikacheka naye, kisha nikaenda chooni kliniki nikajifungia mpaka nilipoitwa.

Siku Mstaarabu alipotimiza mwaka ilikuwa Jumanne ya kliniki. Nilimwona Fundi kwenye benchi la nne tangu saa moja asubuhi, mtoto mapajani, namba thelathini na moja mkononi. Nilimpungia aje mbele. Akaangalia pembeni. Nilihudumia watoto thelathini siku hiyo na kila mmoja nilimtikisia kopo, na kila nikiinua macho nilimwona anatazama mikono yangu.

Zamu yake ikafika. Akaweka kadi mezani, akakaa.

"Uliza," akasema.

Nikamwambia, mdogo wangu, mimi na wewe tena. Nikasema naona mwenyewe mtoto anasimama.

"Uliza, Dada. Unavyowauliza wengine."

Basi nikauliza. Anasimama kwa kushikilia? Akasema anasimama. Anaokota vitu kwa vidole viwili? Akasema pini, jana amemnyang'anya mbili. Nilitaka kucheka, nikamwangalia, nikaacha. Anageuka akiitwa? Mara nyingine, akiwa amevalishwa. Ana neno lolote analolisema lenye maana?

"Bado."

Sikuweka alama. Niliandika neno lenyewe, bado, kwa herufi zote nne, na yeye akaifuata kalamu yangu mpaka nilipoinua.

"Sasa geuza," akasema.

Nikageuza upande wa mama. Nikamwambia maswali ya mama yaliishia wiki ya sita, hapa hakuna la kuuliza.

"Najua yalipoishia. Uliza hayo ya wiki ya sita."

Tiki zangu zilikuwepo, zote zimelala upande mmoja kwa haraka. Nikauliza kidonda kimepona. Akasema kilitoa usaha wiki mbili, alikuwa anakisafisha kwa maji ya chumvi. Nikauliza analala. Akasema alikuwa halali, hata mtoto akilala. La mwisho nikalisoma polepole, neno kwa neno.

"Una huzuni, au unalia bila sababu?"

Alimvuta Mstaarabu akamweka sawa mapajani. Hakuwa na pini mdomoni siku hiyo, na nilimsikia kila neno.

"Kila siku," akasema. "Mpaka akafika miezi mitano. Nilikuwa nikisikia kilio kinanijia nawasha ovaloki ili majirani wasinisikie. Wao wakasema nachapa kazi. Wewe ukaniwekea tiki. Nikawa najiambia si kitu, angalau huyu amelala hapa hapa mezani, ananisikia. Nilidhani kuna mtu mmoja ananisikia, Dada."

Mstaarabu alikuwa anavuta kopo la mahindi. Likaanguka sakafuni, akashtuka, akanitazama mimi kuona kama nimekasirika. Nesi mgeni alikuwa amekwisha kuita mlangoni namba thelathini na mbili, na mama mmoja ameinuka na mtoto wake. Nikaweka kalamu chini, nikamwomba yule mama asubiri.